Kilima cha Dakika ya Ishirini na Sita

Mashine ilikwisha kusema ndiyo kabla sijamaliza kuvaa glovu. Taa ya kijani, mlio mmoja mfupi, na maandishi yale yale: BECHI 88, IMEKUBALIWA. Kilichobaki kilikuwa kidole gumba changu tu. Hapa kiwandani Kibaigwa mashine hiyo tunaiita Mwamuzi, nayo huamua kila kitu, ila sheria inataka pawepo na binadamu mmoja wa kulaumiwa baadaye. Binadamu huyo ni mimi, Nakijwa Mkanza, miaka hamsini na sita, msomaji wa sukari.

Wageni wakisikia hivyo hudhani napima watu kisukari. Kazi yangu ni shanga. Dawa tunayoitengeneza ni kingamwili, yaani protini kubwa inayoikamata sumu ya nyoka ndani ya damu kabla haijafika mbali. Protini hiyo haitembei uchi. Kiunoni imevaa nyuzi fupi za sukari, kama mwanamke alivyovaa shanga zake ndani ya kanga. Seli zilizoitengeneza ndizo zilizoivalisha, na kila aina ya seli ina mtindo wake. Shanga zikiwa sawa, mwili wa mgonjwa huipokea dawa bila maneno. Zikikosewa, mwili huifukuza, au hupandwa na hasira mpaka ukamwua mwenyewe. Basi mimi huzikata shanga hizo, huzipaka rangi inayong'aa, na kuzipitisha kwenye mrija mwembamba kuliko unywele. Kila moja hutoka kwa dakika yake, na kwenye skrini hujichora kama kilima. Nimevitazama vilima hivyo miaka ishirini na tisa. Navijua kuliko milima ya kwetu Usangi.

Asubuhi ile, kwenye dakika ya ishirini na sita, palikuwa na kilima nisichokijua.

Kilikuwa kidogo, asilimia mbili nukta moja. Mwamuzi ana ruhusa ya kuvumilia vitu vigeni mpaka asilimia tatu, kwa hiyo alikiona akakipita, kama mtu anavyoipita takataka njiani. Mimi pia nilitaka kukipita. Nasema wazi isije ikadhaniwa kwamba mimi ni mwema kuliko wengine. Miguu ilikuwa imevimba, chai ilikuwa inapoa, na nje kwenye kivuli cha ghala pikipiki ya Nosim ilikuwa tayari imeegeshwa, na masanduku yake ya baridi yamefunguliwa yakingoja mzigo.

Nosim ni mjazaji wetu wa upande wa Kiteto, mama wa Kimaasai anayewazungukia watu na kuwajazia dawa mpya. Huko kwao watu elfu nne wamevaa vikuku vyetu mkononi. Kikuku kinasikiliza damu ya aliyekivaa usiku na mchana. Nyoka akiuma, kabla mtu hajamaliza kupiga yowe, kikuku kimekwisha kuitambua sumu na kuchoma dawa chenyewe. Hakuna mganga, hakuna foleni, hakuna kuulizwa jina. Tangu vianze kuvaliwa, hospitali za wilaya ziliacha kuagiza ile dawa ya zamani ya chupa, maana nani angeihitaji? Lakini katriji ya dawa hukaa siku tisini tu. Zikiisha, kikuku hujifunga na hata sisi tuliokitengeneza hatuwezi kukibembeleza. Katriji zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa zinaisha Ijumaa. Asubuhi ile ilikuwa ya Jumanne, na mvua za Desemba zilikuwa zimeanza kuwatoa nyoka mashimoni.

Niliiweka chai kando, nikafungua droo ya vimeng'enya.

*

Kuna kimeng'enya kimoja kinachotolewa kwenye buni mbichi. Kazi yake ni moja tu duniani: kuikata shanga fulani ya mwisho, ile inayoitwa galaktosi, ikiwa tu imefungwa kwa fundo la aina ya alfa juu ya galaktosi mwenzake. Nyingine zote hakizigusi. Ukikitia kwenye sampuli na kilima kikabomoka, umemjua mwenyewe. Nilikitia, nikakaa kwenye stuli saa mbili nzima nikiomba nisiwe sahihi.

Kilima kilibomoka chote.

Mwili wa binadamu hauna shanga hiyo. Ng'ombe anayo, mbuzi anayo, kondoo, nguruwe, panya, wote wanayo. Tunaila kila siku ndani ya nyama na wengi wetu hatudhuriki. Lakini kupe akikung'ata, baada ya kushiba damu ya ng'ombe, huweza kukuachia chembe ya shanga hiyo chini ya ngozi, na mwili ukaiweka kwenye orodha ya maadui. Tangu siku hiyo ukila nyama unawashwa, unavimba midomo, tumbo linasokota. Hayo ni kwa mdomo, tena baada ya saa kadhaa. Kwa sindano, moja kwa moja kwenye damu, ni dakika chache na koo limeziba.

Na nani katika nchi hii anang'atwa na kupe kila mwaka wa maisha yake? Ni hao hao waliovaa vikuku.

Shanga hiyo isingeweza kutoka kwenye seli zetu. Zetu ni za aina mpya, zilishafutwa uwezo wa kuifunga kabla mimi sijaota mvi. Ila seli zilizokuwa kwenye tangi la Bechi 88 hazikuwa zetu. Hilo nililijua mimi peke yangu katika jengo zima.

Mwezi wa nane pipa letu la naitrojeni lilivuja. Mbegu zote za seli, vichupa mia mbili, zilikufa kwa siku moja. Nilipoomba mbegu mpya makao makuu, nikajibiwa miezi saba. Basi nikafanya kama mama yangu alivyofanya maziwa yalipokataa kuganda: nilikwenda kwa jirani. Zamoyoni wa kiwanda cha Gairo tulisoma pamoja, tukazaa pamoja, nikamlilia mumewe. Hakuniuliza barua. Alinitolea kichupa kimoja, akakitumbukiza ndani ya chupa ya chai yenye maua mekundu iliyojazwa naitrojeni, akaniambia, "Hii ndiyo inayoota vizuri kuliko zote, shoga. Sitakupa mbegu ya kujikongoja." Huyo ndiye Zamoyoni. Ukimwomba chumvi atakupa na nyanya. Nyaraka tulisema tutaandika baadaye. Hatukuandika. Na viwanda vyote vya kanda hii vimefanya hivyo tangu zamani, ujirani mwema, nani angekataa?

Nilimpigia simu.

"Zamoyoni, ile mbegu uliyonipa. Ilitoka sanduku gani?"

"Lile la chini, la kijivu. Kwa nini?"

"La mwaka gani?"

Alikwenda kuangalia. Nilisikia mlango wa friza, kisha nikasikia anavyohema.

"Nakijwa, lebo imefutika. Lakini hili sanduku nililikuta hapa nilipoajiriwa. Hizi zitakuwa zile za panya, za enzi ya kwanza. Nilikupa iliyo bora. Wallahi nilikupa iliyo bora."

"Najua," nikamwambia, na ni kweli nilijua. Nilichoka tu, uchovu wa ghafla wa kutaka kulala palepale sakafuni.

*

Saa saba nilimkuta Nosim kantini. Ana miaka kama thelathini na tano, mrefu, kichwa kimenyolewa, koti la kampuni juu ya rubega ya buluu.

"Takwenya," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Iko," akaitikia, akanisogezea kiti. "Mama Mkanza, leo mmenichelewesha. Njia ya Kibaya ikilowa sipiti."

Kulikuwa na pilau ya ng'ombe. Tulikula tukizungumzia mvua. Na ndipo nilipoona jambo ambalo nimeliona miaka mitatu bila kuliona. Nosim alikuwa anazichambua nyama moja moja, anazihamishia kwenye sahani yangu. Siku zote nilidhani ni heshima, ananitunza mtu mzima. Nilizila nyama zake miaka mitatu na kumwombea baraka.

"Nosim, kwa nini huli nyama?"

Kijiko kilisimama. Aliangalia nyuma yake kwanza.

"Imenikataa," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu mtoto wa mwisho. Nikila, saa sita baadaye navimba, naanguka. Nyumbani naitia mdomoni, natoka nje, naitema. Hata mume wangu hajui. Lemayani yeye angekula ng'ombe mzima na kwato zake, atajua nini?"

"Na wengine kwenu? Iliowakataa?"

"Boma letu tuko arobaini. Ninaowajua, wanne. Najua kwa sababu namwona mtu anavyotafuna." Alicheka kidogo, bila furaha. "Anayejificha humjua anayejificha."

Mmoja kwa kumi. Nilimweleza yote, ingawa sikutakiwa. Nilimweleza shanga, kupe, buni, na jinsi kikuku kitakavyomchoma bila kumuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua tishu.

"Basi toa dawa," akasema. "Mimi nitavua changu. Wengine wajazwe. Nyoka hawangoji."

"Na hao wengine watatu? Na walio kwenye maboma usiyoyajua?"

"Hao hawatavua."

"Tukiwauliza je? Wewe unapita kila mkono unajaza. Uulize swali moja tu: nyama inakukubali?"

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wa mafunzo wanaoshika sampuli kwa mikono mitupu.

"Mama, sisi ni Wamaasai. Mwanamume wa kwetu umuulize mbele ya wenzake kama nyama imemkataa? Atakujibu hata leo asubuhi amekula mbavu. Morani, vijana wetu wa vita, watakupiga na fimbo. Na wanawake watasema nimewaloga. Hawatasema. Hata mmoja. Mimi mwenyewe nisingesema."

"Kuwapima damu?"

"Kwa kitu gani?" akauliza. "Mna vipimo?"

Hatukuwa navyo. Kuviagiza ni miezi saba, kama kila kitu.

*

Meneja wetu, Chilongani, ni kijana wa Kigogo wa miaka arobaini na miwili anayeonekana kuwa na sitini. Ofisi yake ina dirisha moja, nalo linatazama tangi la maji taka. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama. Ndege za mizigo zinangoja, pikipiki zinangoja. Kidole kiko wapi?"

"Marahaba. Kidole ninacho hapa, lakini hakitaki."

Nilimweleza habari ya kupe na ya mmoja kwa kumi, nikamwekea michoro mezani, kilima kabla ya buni na baada ya buni. Aliielewa. Si mjinga hata kidogo.

"Asilimia mbili," akasema. "Ninyi Wapare mtu atauza ng'ombe wawili apeleke mahakamani kesi ya kuku mmoja. Mwamuzi kapitisha, mama."

"Mwamuzi hajui mbegu imetoka wapi. Mimi najua. Niliiazima Gairo, ndani ya chupa ya chai."

Utani uliisha hapo. Aliketi, akavua miwani, akafuta uso mzima kwa kiganja. Nilidhani atapiga kelele. Alivuta karatasi na kalamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Haya. Bechi nyingine, tukianza leo kwa mbegu safi?"

"Siku arobaini na moja."

"Huwezi kuiondoa hiyo shanga kwa hiyo hiyo buni yako?"

"Nina kimeng'enya cha kujaza kijiko. Bechi nzima inataka pipa."

"Siku arobaini na moja za mwanzo wa mvua, mwaka jana, vikuku vilichoma mara kumi na tisa. Wote walipona." Aliandika 19, akaizungushia duara. "Tukitoa Bechi 88, mmoja kwa kumi, ni watu wawili. Labda watakufa, labda mmoja atapona. Tusipotoa, watu kumi na tisa wanaumwa na hawana kitu, na hospitali hazina kitu kwa sababu yetu sisi. Wangapi, mama? Sita? Saba?"

"Saba," nikasema.

"Wawili kwa saba. Mimi si msomaji wa sukari, lakini kutoa najua."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu siku ile, kwa kalamu na kwa kichwa, na haijawahi kunipa jibu lingine. Lakini niliona mtu ameumwa na nyoka porini, anakitazama kikuku chake kwa shukrani, kikuku kinachoma, na koo linaziba. Hatajua ni sisi. Hatakuwa ameulizwa. Nyoka ni nyoka, huwaua watu tangu dunia iumbwe, hana mkataba na mtu. Sisi tulikwenda boma kwa boma na ngoma na vipeperushi tukawaambia, vaeni, hiki hakitawadhuru. Na ikiwa nitasema kweli yote, niliiona pia sahani ya Nosim na nyama zake pembeni. Sijui kama ningefanya nilichofanya kama mchana ule ningekula na mtu mwingine.

"Siwezi kuwachoma watu kitu nikijua," nikamwambia.

"Na kuwaacha ukijua, unaweza?"

Nilirudi maabara, nikagusa mahali palipoandikwa KATAA. Mwamuzi aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Mara tatu nikasema ndiyo, na uongo wangu wa siku hiyo ulikuwa huo tu.

*

Hawakunifukuza. Niliandika maelezo kurasa nne, nikaeleza mbegu na chupa ya chai, jina la Zamoyoni nikaliacha, yeye akaandika ya kwake siku hiyo hiyo akajitaja. Makao makuu walitukaripia kwa barua moja ya wote wawili. Msomaji mwingine wa sukari hawana, wa kumfundisha hawajampata, basi niliachwa kwenye stuli yangu. Mbegu ambayo ingechukua miezi saba waliileta kwa siku mbili. Tangi likaanza kukua. Nami nikaanza kuhesabu.

Ijumaa vikuku vilijifunga. Kila jioni kabla ya kutoka nilipita kwa Chilongani, naye hakunisemesha, alinigeuzia tu skrini nisome taarifa za wilaya. Siku ya sita, mwanamke, amepona, kapoteza mguu. Siku ya tisa, mzee, amefariki. Siku ya kumi na nne, wawili. Nilikuwa nikifika nyumbani sipiki. Nilikuwa nakaa na viatu miguuni mpaka giza linaingia, nikijiambia kwamba kati ya hao hakuna aliyeuawa na mkono wangu. Maneno hayo yalikuwa yanatosha mpaka kwenye saa mbili hivi, kisha hayatoshi tena.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, Nosim aliingia maabara bila kubisha. Alikuwa amevua shanga zote, shingoni na masikioni. Aliweka kikuku cha kiume juu ya meza yangu.

"Nimekirudisha," akasema. "Mlisema cha aliyekufa kirudishwe."

Kuna fomu ya kurudisha, na swali lake la kwanza ni jina la mvaaji. Nilimwuliza kabla sijafikiri. Kwao jina la marehemu halitajwi tena, na mimi nilikuwa nimelisikia mara moja tu, kantini, likitajwa kwa mzaha. Nililiandika mwenyewe: Lemayani.

"Kifutu," akasema. "Alikuwa anafuata ndama. Tulimbeba mpaka njia kuu, nusu siku, gari likakwama kwenye tope. Mguu ulikuwa hivi." Alionyesha kwa mikono miwili. "Muda wote alikuwa anakigonga kikuku. Anakigonga hivi, na kidole, anasema kimelala, kiamsheni."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa ameshapita huko.

"Nataka kuuliza, nawe usinifiche. Dawa ile ingekuwamo, angepona?"

"Angepona."

"Na ningekuwa mimi niliyeumwa, dawa ile imo?"

"Ungekufa. Dakika kumi, labda kumi na tano."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha kitu alichokuwa anakijua.

"Basi ulinichagua mimi."

Nilitaka kumwambia sikumchagua mtu, sikumjua wa kuumwa, ilikuwa kanuni, ilikuwa shanga, ilikuwa buni. Yote yalikuwa kweli.

Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaifungua mbele yangu. Ilikuwa na majina, yameandikwa kwa mkono mzito, na la kwanza lilikuwa lake.

"Walichinja kwa ajili ya waliokuja kutoa pole," akasema. "Wakaniletea sahani, kwa heshima, mbele ya wote. Nilichoka, mama. Nikaishika ile nyama, nikasema, hii imenikataa miaka mingi na mume wangu amekufa hajui. Nikawaambia na habari ya dawa, yote uliyoniambia. Nikadhani watanifukuza. Kabla jua halijazama, watu kumi na wanne walikuwa wameshanijia nyuma ya nyumba, mmoja mmoja. Morani watatu. Shemeji yangu mkubwa, mzee mzima na mvi zake. Jana wengine tisa wametoka maboma ya Kijungu, wamesikia."

Nilihesabu majina. Ishirini na manne pamoja na lake.

"Nilikuambia hawatasema," akaendelea. "Nilikuambia hata mmoja. Kumbe hakuna aliyewahi kuwauliza, na mimi niliyewajua niliwajibia." Sauti yake ilikatika hapo kwa mara ya kwanza, akaigeuza kuwa kikohozi. "Ile dawa. Mmeshaimwaga?"

"Bado. Kamati ya uteketezaji haijapata akidi."

"Unaweza kuirudisha?"

"Meneja akikubali, mimi na yeye tukiweka vidole pamoja. Wale wasio na tatizo wajazwe, hawa wa kwenye karatasi wavue." Nilisikia sauti yangu inaharakisha, nikaizuia. "Zimebaki siku kumi na nane. Lakini Nosim, elfu nne wale. Mmoja kwa kumi ni mia nne. Hapa una ishirini na wanne."

"Wajazaji tuko tisa. Tutauliza kila mkono tunaoushika, mbali na wenzake, na mimi nitaanza kwa kujitaja. Nipe siku tatu."

"Na watakaonyamaza?"

Alikuwa ameshasimama. Alikunja karatasi yake, akafikiri, na aliponijibu hapakuwa na ukali wowote usoni mwake, uchovu tu kama wangu.

"Watakaonyamaza watakufa kwa kunyamaza kwao," akasema. "Huyu wangu amekufa kwa kunyamaza kwangu na kwako."

Alifungua mlango wa maabara akaushikilia, akanisubiri. Nilivua koti jeupe, nikalitundika, na tukaenda pamoja ofisini kwa Chilongani.